Mimi au Yeye? Namna ya Kumchagua Msimulizi wa Hadithi Fupi

Mwandishi wa riwaya akikosea kumchagua msimulizi, ana kurasa mia tatu za kujirekebisha. Anaweza kumleta msimulizi mwingine katika sura ya tano, au kuigeuza sauti polepole hadi msomaji asahau ilivyoanza. Mwandishi wa hadithi fupi hana nafasi hiyo. Mwaka 1842 Edgar Allan Poe, mwandishi wa Marekani, aliandika kwamba hadithi ya aina hii inafaa isomwe kwa kikao kimoja, kati ya nusu saa na saa mbili hivi, ili athari yake imfikie msomaji ikiwa nzima. Katika kikao hicho msomaji anakaa na mtu mmoja anayemsimulia. Aya ya kwanza ikiisha ameshamzoea, na ukimbadilisha katikati bila sababu nzito, msomaji hupotea njia na wengi hawarudi.

Kila ninaposoma miswada ya waandishi wanaoanza, kasoro ninayokutana nayo kuliko zote haiko kwenye lugha wala msuko. Ni hadithi nzuri iliyokabidhiwa msimulizi asiyeifaa. Ukimuuliza mwandishi kwa nini alimchagua huyo, hujibu kwamba ndivyo hadithi ilivyomjia. Ni sawa, rasimu ya kwanza haina masharti. Lakini kabla ya rasimu ya pili inafaa kukaa na jambo hili na kuliamua, kwa sababu mengine yote hulifuata: kitakachofichwa, kitakachosemwa, hata namna utakavyomtaja mama wa mhusika.

Kisa kimoja, sauti tatu

Ili tulinganishe huku tukitazama kitu kimoja, tuchukue kisa kidogo. Baba amefariki. Wanawe wawili, Mosi aliye mkubwa na Idi mdogo wake, wanapanga vitu alivyoacha. Saa yake ya mkononi haionekani. Mosi anayo mfukoni.

Hapa Mosi anasimulia mwenyewe, nafsi ya kwanza:

"Saa ilikuwa mfukoni mwangu tangu siku ya mazishi. Idi alipofungua droo kwa mara ya tatu nilimwambia huenda imehamishwa. Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Wala sikuona kama nimeiba. Mimi ndiye niliyekuwa nikiitia ufunguo kila asubuhi, mikono ya baba ilipoanza kutetemeka."

Hapa ni nafsi ya tatu, lakini msimulizi amemganda Idi na haondoki ubavuni pake:

"Idi alifungua droo kwa mara ya tatu. Miwani, risiti za zamani, kalamu iliyokauka. Saa haimo. Mama asingeihamisha, mama hajagusa kitu chumbani humu tangu msiba. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja mfukoni, akisema huenda imehamishwa. Imehamishwa na nani?"

Na huyu ni msimulizi maizi, yule anayeona mioyo ya wote:

"Ndugu hawa hawakuwahi kugombea kitu hadi alasiri hiyo. Idi alipekua droo kwa mara ya tatu, akiwa na hakika kwamba saa imo. Mosi, aliyekuwa nayo mfukoni, alimwonea huruma. Na hakuna kati yao aliyejua kwamba mama yao, aliyejilaza chumba cha pili, alimwona Mosi akiichukua, akaamua kunyamaza."

Matukio ni yale yale, lakini msomaji hashikwi na kitu kile kile. Kwa Mosi, saa iko wapi tunajua tangu sentensi ya kwanza. Kinachotuvuta ni kujua atajitetea mpaka lini. Kwa Idi tunatafuta pamoja naye, na shaka inatuingia inapomwingia yeye. Kwa maizi tunajua kuliko kila mtu aliyemo nyumbani, na tunangoja nani atafungua mdomo kwanza. Hizo ni hadithi tatu. Ndiyo maana mimi huona kwamba unapomchagua msimulizi, unachochagua hasa ni nani asijue nini, na ajue lini. Ukishalijibu swali hilo, umekaribia kumpata msimulizi.

Nafsi ya kwanza

Nguvu yake kubwa ni kwamba msimulizi anaweza kujidanganya mbele yetu. Mosi anaposema hakuona kama ameiba, sisi tunasikia alichosema na alichokikwepa. Hakuna sauti nyingine inayotoa hilo kwa urahisi huo. Mwaka 1843 Poe alichapisha hadithi ya muuaji anayetuhakikishia kwamba hana wazimu, na ushahidi anaoutoa ni jinsi anavyoweza kusimulia kwa utulivu alivyomuua mzee. Mpe mtu mwingine asimulie kisa hicho, kitabaki kuwa taarifa ya mauaji. Wazimu wenyewe umo katika usimulizi.

Kwa hiyo, kama kiini cha hadithi yako ni mtu anayejitetea, anayetubu, anayejisifu, au anayesimulia jambo asilolielewa wakati sisi tunalielewa, usihangaike: andika "mimi".

Bei yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwanza, msimulizi huyu ana nafsi mbili: aliyekuwa pale na anayesimulia sasa. Mosi anasimulia lini? Jioni ile ile, saa ikiwa bado mfukoni? Au miaka ishirini baadaye, Idi naye akiwa amefariki? Ukitumia "-li-" umekiri kwamba tayari anajua mwisho, na kila anachotuficha anakificha kwa makusudi. Waandishi wengi hawajiulizi swali hili, na dalili yake ni sentensi ninayoifuta kila ninapoiona: "Sikujua kwamba siku hiyo ingebadilisha maisha yangu." Msimulizi wa sasa amechungulia ndani ya tukio la zamani ili kuzua taharuki ambayo tukio lenyewe halikuizua.

Pili, hawezi kuwapo kila mahali. Ukihitaji tujue walichozungumza mama na mjomba, itabidi asimame nyuma ya mlango kusikiliza, na milango ya hadithi fupi imechoka kusikilizwa. Mara moja inavumilika. Mara mbili ni ishara kwamba umemchagua mtu asiye sahihi.

Tatu, lugha yote sasa ni yake. Ukimpa mtoto wa miaka tisa usimulizi, huna tena ruhusa ya kuandika machweo kama mshairi. Kila tamathali lazima itoke katika vitu anavyovijua. Wapo wanaolifanya hili kwa ustadi wa kushangaza, lakini wengi huanza na sauti ya mtoto na kufika ukurasa wa tatu wakiwa na sauti ya mwalimu.

Kisha kuna jambo la Kiswahili chenyewe. Kitenzi chetu hubeba nafsi mwanzoni kabisa, kwa hiyo "ni-" hugonga sikio kila hatua: "Niliamka, nikanawa uso, nikavaa, nikafungua mlango, nikatoka." "-ka-" inaendesha mambo mbio, na ndiyo kazi yake, lakini vitenzi vitano vyenye mlio mmoja humlaza msomaji. Dawa yake si kubadili nafsi. Wape vitenzi watu na vitu vingine: "Maji yalikuwa baridi. Mlango ulilia. Nje hapakuwa na mtu." Msimulizi bado yumo, tunaona kwa macho yake, ila ameacha kujitaja.

Upande wa pili, nafsi ya kwanza hutatua tatizo ambalo sioni likizungumzwa vya kutosha. Tazama sentensi hii: "Mosi alimwambia Idi kwamba amekosea." Nani amekosea? Kiswahili hutumia "a-" kwa wote, na hata tungekuwa na mume na mke chumbani, kitenzi kisingetusaidia kuwatofautisha. Andika "Nilimwambia kwamba amekosea" au "Nilimwambia kwamba nimekosea", utata umekwisha. Hadithi fupi nyingi ni watu wawili ndani ya chumba kimoja. Kwa hadithi ya namna hiyo, "mimi" hukuokolea majina mengi yaliyorudiwa.

Nafsi ya tatu inayomganda mtu mmoja

Nikilazimika kumshauri mtu nisiyeijua hadithi yake, ningemwambia aanzie hapa. Sauti hii hukupa karibu ukaribu wote wa "mimi", na maneno yanabaki yako. Mhusika anaweza kuwa hajui kueleza anachohisi; wewe unaweza kukionyesha bila kumtia mdomoni maneno yasiyo yake.

Niliwahi kuandika hadithi ya mwanamke anayemuuguza mumewe. Niliiandika kwa nafsi ya kwanza mara tatu, na mara zote tatu iligeuka kuwa malalamiko. Nilikuwa nimempa mtu aliyechoka kazi ya kueleza uchovu wake. Nilipoigeuza "ni-" kuwa "a-", maelezo yalipungua yenyewe. Nikaanza kumwona akihesabu vidonge juu ya sahani, akivirudisha chupani, kisha akivihesabu tena. Hakulalamika hata mara moja, na uchovu wake ulionekana kuliko katika rasimu zote zilizotangulia.

Tena Kiswahili kina vifaa vizuri sana vya kumsogeza msomaji ndani ya kichwa cha mhusika bila kutamka kwamba tumeingia. Cha kwanza ni majina ya undugu. Linganisha "Idi alimtazama mama yake" na "Idi alimtazama mama". Katika ile ya kwanza msimulizi amesimama kando, anatuonyesha watu wawili na uhusiano wao. Katika ya pili amehamia ndani ya nyumba. Anamwita mama kama Idi anavyomwita. Kile kivumishi kidogo cha umilikaji kimeondoka, na umbali umeondoka nacho. Rudi kwenye mfano wa juu utaona nilisema "Kaka alikuwa amesimama mlangoni", sikusema "Mosi". Kwa Idi, yule si Mosi. Ni kaka, na ndiyo sababu inauma kumshuku.

Cha pili ni viashiria. "Chumbani mle" ni sauti ya mtu anayekumbuka kutoka mbali. "Chumbani humu" ni ya mtu aliyemo. "Yule mwanamke" amekaa mbali na jicho, "huyu mwanamke" amekaribia. Unaweza kuanza aya kwa "yule" na kuimaliza kwa "huyu", na msomaji atahisi amesogea asijue kilichomsogeza.

Cha tatu ni wakati. "Aliamua kwamba angeondoka siku iliyofuata" ni taarifa. "Kesho ataondoka" ni wazo lenyewe, limeachwa uchi bila "aliamua" wala "kwamba". Likiwekwa katikati ya aya ya wakati uliopita, msomaji hulipokea mara moja kama sauti ya ndani ya mhusika. Wengi huogopa kuchanganya nyakati hivi kwa kuwa shuleni tulifundishwa usemi wa taarifa na kanuni zake za kugeuza "leo" kuwa "siku hiyo". Kanuni hizo zina mahali pake. Ila msimulizi aliyemganda mhusika ana haki ya kusema "leo" katika kisa cha jana.

Hatari zake ni mbili. Moja ni kuteleza. Umemganda Idi kwa kurasa mbili, kisha unaandika "Mosi alikasirika." Idi amejuaje? Alichokiona ni kaka akikunja uso, au akiiweka chini miwani ya baba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Utelezi mdogo kama huu haumfukuzi msomaji, lakini humlegezea ule mshiko, na hadithi fupi inaishi kwa mshiko.

Hatari ya pili inanigusa zaidi, nami naiona kuwa suala la uaminifu. Ukimganda Mosi, ukatuingiza katika mawazo yake, huku ukitunyima habari ya saa hadi sentensi ya mwisho, umetuibia. Mtu mwenye saa ya wizi mfukoni anaifikiria kila dakika. Paja lake linaihisi. Kama umetuambia tumo kichwani mwake na hilo hatulisikii, basi hatukuwamo. Ukitaka msomaji ashtuke mwishoni, kaa na Idi. Yeye kwa kweli hajui, na kutojua kwake kutakuwa kutojua kwetu bila hila yoyote.

Kuna zawadi moja zaidi. Kwa kuwa "a-" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, unaweza kuandika nafsi ya tatu kutoka mwanzo hadi mwisho bila kulifichua hilo na bila sentensi moja kujipinda. Waandishi wa lugha zinazotenganisha jinsia katika viwakilishi hukimbilia "mimi" wanapotaka kulificha. Sisi hatuhitaji. Chunga tu isiwe mchezo mtupu: kama msomaji akigundua mwishoni kwamba daktari alikuwa mwanamke na hakuna kilichobadilika katika maana ya alichosoma, umemchelewesha bure.

Msimulizi maizi

Sauti hii ndiyo tuliyoipata kwanza. Paukwa, pakawa, na baada ya hapo msimulizi anajua sungura anapanga nini na fisi ana njaa kiasi gani, wala hakuna anayemuuliza amejuaje. Nadhani ndiyo sababu inawajia wengi wetu bila kualikwa. Na kuna tofauti kubwa kati ya kumchagua maizi na kujikuta naye. Aliyejikuta naye huingia kichwa cha kila anayepita mlangoni, hata jirani aliyekuja kuazima ngazi.

Gharama yake ni nafasi. Tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola, ambayo hupokea pia hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili, imekuwa ikitaka maneno 2,000 hadi 5,000. Chukua kiwango cha chini na uwagawanye watu wanne mioyo yao: kila mmoja ana maneno 500, na hapo hujaeleza nyumba wala tukio. Ni kweli kwamba neno letu hubeba mzigo mkubwa, "nilipomwambia" ni neno moja lenye mambo matano ndani yake, kwa hiyo maneno 2,000 ya Kiswahili yana nafasi zaidi kuliko yanavyosikika. Hata hivyo mioyo minne bado ni mingi. Mitatu ni mingi pia. Miwili, au miwili na siri ya wa tatu, inawezekana.

Gharama nyingine ni kishawishi cha kuhubiri. Msimulizi anayejua yote hujikuta anajua pia somo la hadithi, na mkono unaanza kuandika "Ama kweli mali huvunja undugu." Futa. Mama aliyejilaza chumba cha pili ameshalisema kwa kunyamaza.

Basi maizi anafaa lini? Pale ambapo kiini chenyewe ni pengo kati ya anachojua mtu mmoja na anachojua mwingine, na hakuna hata mmoja anayeweza kuliona pengo lote akiwa mahali pake. Anafaa pia hadithi inayoruka miaka mingi kwa kurasa chache, kwa sababu anaweza kusema "miaka kumi ilipita" bila kuonekana ametoroka. Kwa kinaya, yaani mambo yanapokuwa kinyume na yanavyotarajiwa, hana mpinzani.

Sauti nyingine, kwa ufupi

Ipo nafsi ya tatu isiyoingia kichwa cha mtu yeyote, inayoripoti kinachoonekana na kinachosikika tu. Mwaka 1927 Ernest Hemingway, Mmarekani mwingine, alichapisha hadithi ya namna hiyo: mwanamume na mwanamke wanasubiri treni, wanakunywa, wanazungumza, na jambo linalowatenganisha halitajwi kwa jina hata mara moja. Ni shule nzuri kwa mwandishi yeyote kujaribu hili walau mara moja, kwa kuwa linakunyang'anya "alihisi" na "aliwaza" na kukulazimisha utafute mkono, glasi, kimya. Katika Kiswahili kuna ugumu wa ziada: mazungumzo marefu yasiyo na majina hupoteza msemaji wake haraka, maana "alisema" haimtaji mtu. Wape wazungumzaji namna tofauti za kusema, mmoja akiuliza kila mara na mwingine akikwepa, ndipo utaweza kuondoa majina.

"Sisi" ni sauti ninayoipenda na ambayo haijaribiwi vya kutosha. William Faulkner, naye Mmarekani, aliitumia mwaka 1930 katika hadithi inayosimuliwa na watu wa mji kuhusu mwanamke mmoja aliyejifungia nyumbani kwake. Mji unajua kila kilichoonekana kutoka barabarani, na haujui kilicho chumba cha juu. Kama hadithi yako inahusu uvumi, aibu, au jinsi kundi linavyomtazama mtu mmoja, ijaribu.

Nafsi ya pili, "unafungua mlango, unamkuta amelala", huvutia kwa ukurasa mmoja. Baada ya hapo msomaji huanza kubisha: mimi sikufungua mlango wowote. Iweke kwa hadithi fupi sana, au kwa msimulizi anayejisemesha kwa sababu hawezi kutamka "mimi".

Nafsi pamoja na wakati

Chaguo la nafsi halikamiliki bila njeo, yaani wakati wa kitenzi. "Mimi" na "-na-" humfungia msimulizi ndani ya sasa. Hajui mwisho, hivyo hashitakiwi kwa kutuficha. Lakini pia hawezi kutafakari, na hadithi ya toba bila tafakari hubaki na matukio tu. "Mimi" na "-li-" huleta umri, majuto, hekima ya kuchelewa. "Yeye" na "-li-", ikifuatwa na "-ka-" pale mambo yanapoanza kukimbia, ndio mwendo wetu wa asili wa kusimulia, na msomaji hausikii tena, kama asivyosikia pumzi yake. Hilo ni jambo jema. Utautumia "-na-" siku unapotaka ausikie.

Kuamua

Mtihani ninaoutumia ni huu. Andika aya ya kwanza, maneno mia mbili hivi, kwa "mimi". Kisha badilisha kila "ni-" iwe "a-" na usiguse kingine. Soma zote mbili kwa sauti. Kama hakuna kilichopotea, nafsi ya kwanza haikuwa na kazi pale, iache. Kama aya imekufa, kama uongo fulani mdogo au ucheshi au majigambo yametoweka, basi "mimi" ndiye mwenye hadithi.

Ukibaki na "yeye", waandike wote waliomo katika kisa na mbele ya kila mmoja andika asichokijua na atakachopoteza akikijua, au akikisema. Mgande yule ambaye kwake gharama ni kubwa zaidi. Mara nyingi si yule uliyeanza naye. Ni mtu wa pembeni, aliyeingia katika rasimu kwa bahati, akapewa sentensi moja.

Nilifanya hivyo na kisa cha saa. Idi hajui, lakini akijua atapoteza saa, na pengine atakaa na hasira mwezi mmoja. Mosi anajua, na anachoogopa ni aibu. Mama, ambaye alijitokeza tu kwa sababu maizi alihitaji kuona chumba cha pili, akisema atampoteza mwana mmoja, na akinyamaza atamwacha mwingine aendelee kupekua droo mbele ya masikio yake. Wanawe wanadhani amelala. Kwa nafsi ya kwanza angetueleza sababu zake, nami sitaki azieleze. Kwa hiyo ni nafsi ya tatu, "-li-", na msimulizi asitoke chumbani humo hata mara moja. Ndugu wale wawili tuwasikie kupitia ukuta tu. Sitaandika "mwanawe", kwa sababu kwake yeye ni mtoto, hata kama ana ndevu. Mwanzo wake ungekuwa hivi:

"Alisikia droo ikifunguliwa kwa mara ya tatu, akageukia ukutani, ili mtoto akichungulia amkute amelala."